Mashine Ilisema, Mimi Nikaficha

Kioo kiligeuka bluu saa nane mchana, msimu wa kahawa, nikiwa nimeshavuka jina la mia mbili. Nilikuwa nachapa orodha ya wakulima wa chama cha msingi cha ushirika hapa Matiri, jina kwa jina, kilo kwa kilo, kwenye kompyuta kuukuu ya Windows XP. Kwenye fleshi sikuwa na nakala, na hata kusevu nilikuwa nimesahau. Kiingereza cheupe kikajaa kioo kizima. Sikukisoma. Nikabonyeza kitufe, ikazima. Mzee karani wa chama alipokuja kuuliza nikamwambia umeme umekatika, aje Ijumaa.

Kesho yake nikaipakia kwenye gari hadi kwa fundi Mbinga mjini. Nilijua atasema "tuipige windo", yaani aiwekee Windows upya, dawa ya mafundi wengi kwa kila ugonjwa. Huyu alifungua kasha, akachomoa ramu, akaisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akapuliza vumbi, akairudisha. Ikawaka. Orodha haikuwemo. Akanifasiria yale maandishi niliyoyakimbia: mashine imeona hitilafu, imejizima ili isiharibike. Nilikuwa nimeona tusi, kumbe ni taarifa. Kwetu Umatengo tunachimba ngoro, maji ya mvua yatulie shimoni yasije yakashuka na shamba zima. Kusimama nako ni kazi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za vioo hivi. Dennis Ritchie na wenzake walioandika Unix hawakuujaza mfumo wao mbinu za kujinasua kila unapokosea. Waliuwekea kijiprogramu walichokiita panic, yaani taharuki: kikiitwa, kila kitu kinasimama, na mtu anapaza sauti koridoni kwamba iwashwe upya. Macintosh ya 1984 ilichorewa na Susan Kare bomu la kutokea kiooni ikikwama. Kompyuta ya Amiga, mwaka uliofuata, ilitoa kisanduku chekundu chenye maneno ya tafakuri ya guru, mzaha ambao sidhani ulimfariji aliyepoteza kazi yake. Bluu ya Windows NT ya 1993 iliandikwa na John Vert, na rangi ile haina siri yoyote: mashine aliyoitumia, na programu aliyoandikia, zilikuwa na maandishi meupe juu ya bluu.

Ninayempenda zaidi ni Bill Gates wa Aprili 1998, Chicago. Yuko jukwaani, Windows 98 inaonyeshwa kabla ya kuuzwa, mwenzake anachomeka skana, na kioo kikubwa kinageuka bluu mbele ya ukumbi mzima. Watu wakaangua kicheko. Gates naye akatabasamu, akasema bila shaka hiyo ndiyo sababu hawajaanza kuiuza. Juni ikaingia sokoni.

Sisi Tanzania tulichukua njia nyingine. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo ya hesabu yalipokwenda mrama, mwaka 1974 kompyuta zikapigwa marufuku kuingizwa nchini, na televisheni pamoja nazo. Wako wanaowacheka wakubwa wa wakati ule. Mimi siwacheki, maana hata mimi nilikimbilia kitufe.

Ijumaa mzee alifika asubuhi na mapema. Nilikuwa nimeshatumia siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi nikitafuta kisichokuwepo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," na kabla hajamaliza marahaba nikamweleza yote: kioo, kitufe, na umeme ambao haukukatika hata dakika moja.

Akanitazama kitambo. "Sasa mwanangu, Jumatano ulishindwa nini kuniambia? Daftari la mizani lipo nyumbani, chini ya godoro."

Akalifuata. Yeye akawa anasoma, mimi nachapa, nikisevu kila baada ya majina kumi. Tulimaliza kabla ya giza kuingia.