Barua kutoka Kamembe: Maji ya Mlimani

Ndugu zangu wa Dar es Salaam,

Masika ya huku Rusizi, nchini Rwanda, mji ambao wakongwe hata leo huuita Cyangugu, hayafanani na yetu ya pwani. Maana kwetu maji hujikusanya tambarare, yakapanda polepole mpaka yakatuingilia milangoni, ilhali hapa Kamembe, juu ya vilima vinavyotazamana na Bukavu ng'ambo ya ziwa Kivu, yakishuka hushuka kwa ghadhabu, yakachukua udongo, migomba, na pengine nyumba na waliomo.

Kwa sababu hiyo watu wa janibu hii hawaingojei gharika bondeni, bali huyazuia maji pale pale yanapoangukia, na tadbiri yao, ingawa haina fahari, utaikuta katika nyua nyingi. Mama mwenye nyumba niliyopanga amefunga mifereji pembeni mwa paa lake la bati, nayo humimina maji katika tangi la plastiki. Tangi likijaa, ziada hupita katika mtaro mwembamba uliooteshwa nyasi kingoni, ikaingia ndani ya shimo la kimo cha kifua, lililojazwa mawe chini na kufunikwa magogo ili watoto wasitumbukie. Nilimwuliza taabu yote hiyo ya nini, na ziwa lipo pale chini, tayari kupokea. Akanijibu, "Eh baba, kati yangu na ziwa kuna nyumba za watu."

Juu ya makazi, vilima vimekatwa matuta na kupandwa matete na mianzi ya kushika udongo, kazi ambayo aghalabu hufanywa siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tajiri na fukara wakishika jembe pamoja. Na ufukweni sheria imekataza kujenga ndani ya mita 50 kutoka majini. Kigali nako wanayahuisha mabonde oevu waliyokuwa wakiyavamia: Nyandungu, eneo la hekta 121, lilifunguliwa mwaka 2022 kuwa bustani ya umma, na mabwawa yake huyatuliza maji ya mvua kabla hayajaendelea na safari.

Sisemi kwamba nyasi zinaweza kila kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi hii, na muda mfupi baadaye Kalehe, upande wa Kongo, wakaangamia mamia. Mteremko mkali mno haufai kujengwa, hata upandwe nini, na serikali imekuwa ikiwahamisha wakazi wake, wengine huku wakinung'unika. Mimi naona ni haki wahamishwe, maadamu wanapewa pa kwenda.

Walakini nikiukumbuka Msimbazi wetu, mto unaoanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita vitongoji ambamo kila ua umesakafiwa saruji mpaka ukutani, kisha ukatanda Jangwani kabla ya kuingia baharini, sioni ajabu kwamba mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40 jijini. Mradi wa bonde hilo, ulioidhinishiwa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, una daraja jipya na bustani kubwa, nami nauombea kheri; ila bustani iliyoko Jangwani itapokea maji yaliyokwisha kutiwa mbio huko juu, na huko juu hakuna mkandarasi atakayeingia uani kwa mtu.

Basi nawasihi nyinyi wenye nyumba za Pugu, Kinyerezi na Segerea: kabla masika hayajaingia, fungeni mifereji kwenye mapaa, bakizeni nusu ya ua bila saruji, na chimbeni shimo, mbali na msingi wa nyumba na mbali na ukingo wa korongo, ili maji yenu yazame kwenu.