Upepo, Maji na Mlango wa Nyumba

Ndugu Waislamu, imeingia katika miji yetu, kwa njia ya simu na vitabu vya kupamba nyumba, elimu ya Kichina iitwayo fengi shui. Watu huangalia mlango umeelekea wapi, mti umesimama wapi, na maji yapita upande gani, wakitaraji riziki au wakikimbia nuksi. Wazee wa watoto wa chuoni wameniuliza mara nyingi hukumu yake. Nami naona si haki kukilaani kitu kabla ya kukijua, wala si busara kukipokea kwa kuwa kimetoka mbali.

Maana ya maneno hayo mawili ni “upepo” na “maji”. Ni elimu kongwe. Kitabu chake mashuhuri, ambacho chahusu mahali pa kuzikia maiti, chanasibishwa na Guo Pu, mtu aliyefariki mwaka 324. Wenye elimu hiyo huamini kuwa ardhini mwapita nguvu waiitayo chi, ambayo upepo huitawanya na maji huizuia isipotee. Kwa hivyo husifu nyumba yenye kilima nyuma yake, uwanja wazi mbele yake, na mto au kidimbwi karibu. Hawapendi mti uliosimama mbele ya mlango sawasawa, wala njia inayokuja moja kwa moja kama mshale.

Mwenye akili akitazama ataona kuwa katika hayo mna hekima ya kujenga. Kaskazini ya Uchina wakati wa baridi huvuma upepo mkali utokao bara, nalo jua la majira hayo hupita upande wa kusini. Nyumba iliyopewa kilima kaskazini na mlango kusini hukingika na baridi ikapata jua. Hapo hapana uchawi. Lakini sisi wa pwani jua twalikimbia, hatulitafuti. Wazee wetu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakaacha vichochoro vyembamba vyenye kivuli, wakafungua madirisha kuipokea pepo. Mtu wa Mombasa au Tanga akigeuza mlango wake kwa kuwa Mchina kageuza wake, huyo kachukua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Kujua njia ya upepo ni elimu. Kuitakidi kuwa mlango waleta riziki au waizuia ni jambo jingine. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na itikadi ya milango pia. Baadhi yao walipohirimia Hija hawakuingia nyumba zao kwa milangoni, bali kwa nyuma, wakidhani ndio wema. Mwenyezi Mungu akaibatilisha ada hiyo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 189, akafundisha kuwa wema ni ucha Mungu, na nyumba ziingiwe milangoni mwake. Naye Mtume (S.A.W.) alikataza tiyara, yaani kuona nuksi katika vitu, akaihesabu kuwa ni namna ya shirki.

Huenda kijana msomi akasema: “Maalim, mbona iko Hadithi itajayo nuksi katika nyumba, mwanamke na farasi?” Ndiyo, iko, nayo imepokewa na Bukhari na Muslim. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliikanusha maana hiyo, akaeleza kuwa hayo yalikuwa maneno ya watu wa Jahiliya. Na wako wanavyuoni waliofasiri kuwa nuksi ya nyumba ni ufinyu wake na ubaya wa majirani zake. Hayo ni madhara yaonekanayo, si siri iliyofichwa kizingitini.

Watazameni Waislamu wa Uchina wenyewe. Msikiti Mkuu wa Xi'an, uliojengwa mwaka 1392 zama za wafalme wa Ming, una mapaa ya Kichina, nyua za Kichina na miti yake. Mahekalu ya nchi hiyo kwa ada huelekea kusini. Msikiti ule umelazwa mashariki kwa magharibi, kwa sababu Makka kwao iko magharibi. Walichukua ufundi na uzuri wa nchi yao, lakini mwelekeo wakauchukua kwa Mola wao.

Nyumba moja niijuayo ilikaribia kuvunjika kwa jambo hili. Mbele ya mlango wao mna mwembe alioupanda marehemu baba. Kijana wao, ambaye biashara yake ilikuwa imelala, akasoma kuwa mti mbele ya mlango huziba riziki, akaleta shoka. Mama yake akakaa chini ya mti akakataa kuondoka. Nilipoitwa nilimuuliza kijana: je, mizizi yapasua ukuta? Matawi yavunja paa? Kama ndivyo, ukate, wala huna dhambi. Shoka ni lile lile, lakini nia si moja. Ukiukata kwa hofu ya nuksi, leo utakata mwembe, kesho utamwogopa nani? Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mti alioupanda Mwislamu, kila aulaye, mtu, ndege au mnyama, mpandaji huandikiwa sadaka. Basi wewe wataka kuikata sadaka ya baba yako. Akanyamaza, akapunguza matawi yaliyogusa paa tu. Mwembe upo hata leo. Biashara yake bado haijainuka vizuri, lakini sasa hutafuta sababu katika daftari lake la madeni.

Wala tusiwacheke Wachina hali sisi wenyewe tuna wanaozindika nyumba kwa mganga, au kuzika vitu chini ya kizingiti. Itikadi ni ile ile, imevaa kanzu nyingine.

Basi, wazee na vijana, tengenezeni nje ya nyumba zenu. Pandeni miti ya kivuli na ya matunda. Fagieni uwanja, fukieni madimbwi yanayozaa mbu, msimwelekezee jirani maji yenu machafu, wala msimzibie upepo wake kwa ukuta usio na haja. Hizo ndizo pepo na maji tutakazoulizwa. Na riziki iombeni kwa Mwenye kuimiliki, kisha tokeni mlangoni, popote ulipoelekea, mkaitafute.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu baraka na utulivu. Amin.