Sahani za mama mkwe zilivyonitoa jasho

Ndugu msomaji, nimeishi miaka miwili na siri iliyofungwa kwenye gunia. Usianze kuwaza mabaya. Ni vipande vya sahani tu.

Sahani zenyewe alinipa mama mkwe nilipoolewa. Kumi na mbili, za maua ya waridi na ukingo wa bluu, alizozitunza kabatini tangu ujana wake. Siku moja nikapanda stuli nifute vumbi, stuli ikayumba, nikashika kabati, na kabati nalo likanifuata. Zikapona mbili. Baba watoto nikamwambia nimezihifadhi. Uongo haukuwepo hapo, si nilizihifadhi stoo?

Sasa uwanja wetu hapa Tabata masika yakianza unageuka uji. Aprili mama mkwe alikuja kutusalimia, hajafika barazani, mguu ukaenda kulia, yeye kushoto. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini aliketi kwenye tope na kitenge chake kipya mbele ya majirani. Akaaga mapema, eti atarudi kiangazi. Baba watoto akaninunia wiki nzima kama vile mvua niliileta mimi.

Fundi wa kuweka saruji uwanja mzima alitaja bei, nikamkaribisha chai tukaongea mambo mengine.

Wazo nililipata Kunduchi, tulipowapeleka watoto kwenye magofu. Makaburi ya wazee wa pale, mengi ya karne ya 18 na ya 19, yana nguzo zilizopachikwa bakuli na sahani kutoka Uchina. Nyingine zimebanduliwa, limebaki shimo, lakini zilizopo bado zinang'aa. Nikasema moyoni, kumbe chombo kilichogandishwa kwenye chokaa hakifi! Nikalikumbuka gunia langu.

Jiwe la kwanza nilichukua beseni bovu, nikamwaga zege, nikapachika vipande juu kwa haraka. Kesho yake nikaligeuza kwa pupa, likakatika katikati kama mkate. Na kwenye kingo za vipande vyangu ungeweza kunyolea ndevu. Angekanyaga mtoto je?

Jirani yangu mmoja, fundi wa marumaru, alinicheka mpaka machozi, kisha akanifundisha. Vipande unavipasua ndani ya gunia kwa nyundo, na macho uyakinge. Tumia sehemu bapa ya katikati ya sahani, maana ukingo umepinda, hauwezi kulala. Paka beseni mafuta. Panga vipande ndani yake vikitazama chini, uso wa maua ukigusa beseni, uache nafasi ya kidole kati yao. Nafasi hiyo ndiyo ponapona yako, kwa sababu sahani ikilowa inateleza kuliko tope lenyewe, na saruji ndiyo inayoshika mguu.

Halafu saruji ndoo 1, mchanga ndoo 3, maji kidogo kidogo. Mchanga usiwe wa baharini, una chumvi. Mimina nusu, laza kipande cha wavu wa kuku, malizia mpaka unene wa inchi 2. Funika kwa gunia bichi, weka kivulini, loanisha kila siku. Siku 7, bibi wee, siyo moja! Mikono vaa glovu. Mimi nilijifanya shujaa, saruji ikanibabua vidole.

Nilifanya mawe tisa, kila wikiendi moja. Baba watoto aliuliza vipande vimetoka wapi, nikasema sokoni kuna kila kitu. Akanitazama, akaondoka zake.

Kuyatandika, unachimba kina cha jiwe, unaweka mchanga chini, jiwe linalala sawa na ardhi. Wengi hupima futi 2 toka katikati ya jiwe hadi katikati ya jingine. Mimi nilipunguza. Nilimkumbuka mama anavyotembea, hatua zake fupi, nikayasogeza.

Akaja Novemba, na vuli imeshaloweka uwanja. Mimi nimesimama barazani, moyo unapiga ngoma. Akakanyaga la kwanza, la pili. Kwenye la tatu akasimama, akainama, akapitisha kidole kwenye waridi lililokuwa zima.

"Mwanangu, hizi si sahani zangu?"

Nikapiga magoti palepale. "Ndizo, mama. Nisamehe. Zilivunjika."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Alinyamaza muda mrefu, msomaji, mimi nahesabu matone ya bati. Kisha akauliza zimebaki ngapi. Nikasema mbili.

"Basi leo nipakulie humo. Miaka yote ile nilizifungia, hata mimi mwenyewe sikuwahi kulia."

Akaendelea na safari yake. Lile la tatu hakulikanyaga, alilivuka. Mpaka leo hulivuka.