Moja Kasorobo

Makala hii inahusu hesabu. Najua wengine wenu mlijiunga na chama hiki ili mpumzike na hesabu kwa saa moja kila wiki. Nivumilieni. Nataka kueleza jinsi nilivyojifunza kuweka sehemu kwenye mstari wa namba mara mbili: mara ya kwanza nikiwa na miaka minane Houston, mara ya pili nikiwa na miaka ishirini hapa Dallas. Mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo halikuwa la hesabu.

Jumamosi asubuhi huwa nakwenda Vickery Meadow, kaskazini mwa Dallas, kuwasaidia watoto kazi za shule. Mtaa ule umejaa majumba ya kupanga, na wakimbizi kutoka nchi nyingi wameanzia maisha yao ya Texas pale. Watoto ninaokaa nao ni wa familia za Kikongo. Wengi walizaliwa Nyarugusu, kambi iliyoko mkoa wa Kigoma, Tanzania, ambayo imekuwa ikipokea Wakongo tangu mwaka 1996. Wananiita "yaya". Siku ya kwanza nilishtuka, maana kwetu yaya ni msichana wa kazi anayelea watoto. Baadaye nilielezwa kwamba kwa Kiswahili cha Kongo yaya ni dada au kaka mkubwa. Sasa naitika haraka.

Mmoja wao ana miaka minane na yuko darasa la tatu. Nitamwita Furaha, ingawa si jina lake. Mwezi wa pili alikuja na karatasi ya kazi ya nyumbani iliyojaa alama nyekundu. Akaiweka mezani akiwa ameikunja ili wenzake wasione.

"Yaya, miye hesabu sijui," akasema.

Darasa la tatu si mchezo huku. Ndipo mtihani wa jimbo, STAAR, unapoanzia. Mtaala wa Texas unataka mtoto wa darasa hilo aweze kuonyesha sehemu zenye asili ya 2, 3, 4, 6 na 8, kwa vitu, kwa michoro na kwa mstari wa namba. Tena unataka ajue kwamba nusu, robo na thumuni ni umbali kutoka sifuri.

Nilianza na chapati. Nilichora duara, nikaligawa mara nne, nikamwambia atie rangi robo tatu. Akatia rangi vipande vitatu bila kusita. Kwa hiyo robo tatu aliijua. Nikachora mstari, upande wa kushoto 0, upande wa kulia 1, nikaugawa mara nne. Nikamwambia aweke robo tatu hapo. Akaweka kidole kwenye sifuri, akahesabu: moja, mbili, tatu. Kidole kikasimama katikati ya mstari, mahali pa nusu. Hapo akachora nukta.

Nikamweleza kwa Kiingereza. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akafanya vilevile. Nikaona kwamba anatikisa kichwa kwa adabu tu. Nikajaribu Kiswahili, na hapo mimi ndiye niliyekwama. Kiswahili changu ni cha jikoni na cha simu za shangazi. Naweza kuomba nusu kilo ya unga na robo ya nyama. Lakini namba ya juu inaitwaje? Ya chini je? Vile vistari vidogo kwenye mstari mkubwa ni nini? Nilisema "hii kitu" mara nyingi mpaka Furaha akaanza kucheka.

Ndipo nilipomkumbuka baba, na nikaona aibu. Lazima niwaambie kwa nini.

Mimi nilikuwa darasa la tatu mwaka 2014, mwaka ambao mtaala mpya wa hisabati wa Texas ulianza kufundishwa. Nilileta nyumbani kazi kama hii ya Furaha. Baba ni fundi magari. Alijifunza ufundi Tanga, ambako spana zinaitwa kwa namba: kumi, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa. Alipofika Houston alikuta gereji ina spana nyingine, za inchi, na kila moja imeandikwa sehemu. Aliniambia kwamba wiki za mwanzo alikuwa akiagizwa spana ya 9/16 anarudi na ya 5/8. Basi usiku mmoja alizipanga zote sakafuni kwa ukubwa, akazisoma moja moja mpaka zikamwingia kichwani.

Jioni ile ya 2014 alinifanyia mimi hivyohivyo. Alichora mstari wa chaki kwenye sakafu ya gereji yetu, akaziweka spana juu yake: 3/8, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4. Akaniuliza, kama kila inchi ingekatwa vipande kumi na sita, kila spana ina vipande vingapi? Ukifanya hesabu utaona ni 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12. Zile sehemu zilizoonekana kama fujo zinapanda hatua moja moja. Akaanza kueleza kwa Kiswahili, kwa furaha, kwa sauti kubwa, huku akisema robo na thumuni na kasorobo.

Rafiki yangu wa darasani alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kucheza. Akauliza baba yangu anaongea nini. Nikasikia uso ukiwaka moto. Nikamwambia baba, kwa Kiingereza, kwamba darasani hatusemi hivyo, na kwamba aongee Kiingereza au aache.

Akaacha. Hakunigombeza. Aliziokota spana, akazirudisha ndani ya boksi, akafuta chaki kwa mguu. Tangu siku ile kazi za shule nilisaidiwa na wengine, na baba aliniuliza tu kama nimemaliza.

Sasa, miaka kumi na zaidi baadaye, nikatoka nje ya chumba kile cha Vickery Meadow nikampigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kuna nini? Saa hizi hupigi."

Nikamweleza kuhusu mtoto na mstari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Anahesabu sifuri kuwa ni moja?"

"Ndiyo! Umejuaje?"

"Kwa sababu anahesabu vistari. Asihesabu vistari, ahesabu hatua. Mtu akisimama mlangoni kwake hajatembea bado. Mwambie atembee."

Kisha akanipa maneno niliyoyakosa. Namba ya chini ni asili. Inakwambia safari ya kutoka sifuri hadi moja imekatwa hatua ngapi zilizo sawa. Namba ya juu ni kiasi. Inakwambia umepiga hatua ngapi. Kwenye robo tatu, asili ni nne na kiasi ni tatu. Basi.

Nikarudi ndani. Sakafu ya chumba kile ina vigae vya mraba. Tulibandika selotepu kwenye vigae vinane, tukaandika 0 mwanzoni na 1 mwishoni, na kila vigae viwili tukaweka alama. Nikamsimamisha Furaha kwenye sifuri.

"Umetembea hatua ngapi?"

"Hakuna."

"Haya, nenda."

Akaruka: moja, mbili, tatu. Akasimama. Akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akaona hatua moja imebaki. Mama yake alikuwa amekaa karibu na mlango na mtoto mchanga mgongoni, akitutazama tangu mwanzo bila kusema neno. Aliishi Kigoma miaka mingi, anasoma saa kama watu wa huko. Akasema, kama mtu anayejibu swali la kawaida kabisa:

"Hiyo ni moja kasorobo."

Furaha akamgeukia. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Alikwenda hadi kwenye moja, akageuka, akarudi hatua moja nyuma. Akajikuta amesimama palepale. "Ni pamoja!" akapiga kelele. Alikuwa sahihi. Robo tatu kutoka sifuri na robo moja kabla ya moja ni mahali pamoja. Sisi tunaosema saa tatu kasorobo tunafanya hesabu hiyo kila siku: tunakwenda mpaka tatu, halafu tunarudi robo. Neno lenyewe limebeba mstari wa namba ndani yake, na mimi nililitumia miaka yote bila kuliona.

Baada ya hapo tuliigawa safari ileile kwa vigae vyote vinane. Furaha alikuwa akiamini kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Safari hii alitembea. Hatua za thumuni zilikuwa za kigae kimoja, za robo za vigae viwili. "Hatua zikiwa nyingi zinakuwa ndogo," akasema mwenyewe. Nikamwambia atafute 6/8. Alihesabu, akafika, akacheka, kwa sababu alikuwa amefika tena kwa mama yake, kwenye moja kasorobo.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Houston kwa basi. Njia yote ni I-45, na mimi nilikuwa na sehemu kichwani, basi nikaanza kusoma vibao vya maili pembeni mwa barabara. Namba zinapungua ukielekea kusini, kwa sababu sifuri ya barabara hiyo iko Galveston, baharini. Katikati ya Dallas uko karibu na maili 284, katikati ya Houston karibu na 47. Kati yake ni maili 237 hivi. Nusu ya safari inaangukia maili 165 au 166, na kibao cha kutokea 164 ni cha Centerville. Nilipopita pale nilifurahi kama mtoto. Mbele zaidi, kabla ya kuingia katikati ya mji wa Houston, kuna sanamu kubwa nyeupe ya Sam Houston ya Huntsville, yenye urefu wa futi 67. Iko karibu kabisa na robo tatu ya safari yangu. Nikampigia baba.

"Umefika wapi?"

"Nyumbani kasorobo."

Alicheka sana. Kisha akauliza kama mwalimu, "Robo ya nini? Ya kutoka wapi?" Kwa sababu anayetoka Galveston atataja sehemu nyingine kabisa kwa sanamu ileile. Akanikumbusha sumuni. Bibi yangu wa Tanga aliita senti hamsini sumuni, na neno hilo ni thumuni, moja ya nane. Lakini senti hamsini ni nusu ya shilingi! Jina lilianzia kwenye riale, kabla ya shilingi: sumuni ilikuwa moja ya nane ya riale. Shilingi ilipokuja, moja ilihama, jina likabaki. "Sehemu haina maana," baba akasema, "mpaka ujue sifuri iko wapi na moja iko wapi."

Jioni ile nilimwomba atoe boksi la spana. Aliniangalia kidogo, akalitoa. Nilichora mstari wa chaki mwenyewe, nikazipanga kutoka 3/8 hadi 3/4. Nilikosea mara moja, nikaweka 11/16 kabla ya 5/8, naye akaisogeza bila kusema kitu. Alitoa pia spana namba 19 aliyokuja nayo kutoka Tanga, akailaza juu ya ile ya robo tatu inchi. Zinakaribia kulingana kabisa.

Nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa siku ile."

"Siku gani?" akauliza. Lakini alijua, maana hakungoja nimjibu. Akasema, "Ulikuwa mtoto. Endelea. Theluthi mbili utaiweka wapi?"

Theluthi mbili haina spana yake kwenye boksi lile. Tukakaa sakafuni kuitafuta. Ukikata inchi vipande kumi na sita, theluthi mbili ni kumi na vipande viwili vya tatu. Kwa hiyo iko kati ya 5/8 na 11/16, karibu zaidi na 11/16. Hakuna spana, lakini mahali pake papo. Baba akatia nukta kwa chaki.

Furaha bado ana wasiwasi na hesabu, na mtihani bado haujafika. Lakini Jumamosi iliyopita aliweka 5/8 kwenye mstari wa karatasi bila kutembea, kisha akamfundisha mdogo wake kwa vigae. Alimfundisha kwa Kiswahili.

Wenzangu, wengi wetu tunaogopa kwenda Vickery Meadow kwa sababu Kiswahili chetu ni cha nusu au cha robo. Changu pia. Nimeona kwamba kilichonikwamisha ni maneno mawili tu, asili na kiasi, na simu ambayo ningeweza kuipiga miaka mingi iliyopita. Tunaondoka hapa kila Jumamosi saa tatu kasorobo. Kuna nafasi kwenye gari.