Kofia Mbili za Mashine

Ndugu msomaji, iwapo nyumbani kwako imo kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, nakuomba uichukue, uigeuze ndani nje, kisha uielekeze dirishani. Utaona vitundu vidogo vidogo vikipitisha mwanga kama chekecheke. Kila kitundu kilitobolewa na mtu, kikazungushiwa uzi na mtu, na mtu huyo aghalabu ni mwanamke aliyekuwa na chungu motoni na mtoto miguuni. Mimi ni mmoja wa wanawake hao. Leo nataka kukupa habari za kikundi chetu cha kudarizi, na ndani ya habari hizo limo jambo moja nililolitenda mwaka 2023, ambalo kila likinijia usiku hunifanya nigeukie ukutani.

Kikundi chetu hakina jina wala muhuri. Tulianza mwaka 2009, akina mama wanne, barazani kwa jirani yangu hapa Magomeni, Dar es Salaam. Wakati huo tulikuwa tukifuma mashuka na vitambaa vya makochi. Bila shaka unayajua mashuka yale, yenye maua pembeni na maneno ya kumtakia mgeni usingizi mwema. Kazi ilikwenda vizuri mpaka yalipojaa sokoni mashuka yenye maua yaliyokwisha kuchapwa kiwandani. Hapo ndipo mwenzetu mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Unguja ambaye sote humwita Bibi, aliposema kwamba yeye tangu utoto wake anajua kushona kofia, na kwamba kama tutakuwa na subira atatufundisha. Tulikuwa na subira. Tukaongezeka hata tukafika kumi na mmoja, na hadi leo hukutana kila Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Asiyejua hudhani kuwa kofia ni kitambaa kilichotiwa mapambo tu. Sivyo hata kidogo. Bafta nyeupe huwekwa tabaka mbili, na juu yake huchorwa nakshi kwa penseli. Kofia ina vipande viwili: duara la utosini, na utepe mpana unaozunguka kichwa. Baina ya tabaka hizo mbili hupitishwa nyuzi nene za pamba, kisha hushonewa huku na huku zisitoroke, na hapo ndipo kofia inapopata ugumu wake wa kusimama. Baadaye huja viua vyenyewe. Kitundu hutobolewa kwa ncha, kisha huzungushiwa uzi kwa mishono iliyosongamana bega kwa bega, mpaka ukingo wake ukauke kama ukingo wa kikombe. Vitundu hivyo havikuwekwa kwa urembo peke yake. Jua la pwani ni kali, na kichwa nacho kinataka kupumua. Mwisho, fundi huviunganisha vipande viwili, kofia hufuliwa, hutiwa wanga, na huvishwa foroma ili ikauke ikiwa na umbo. Mwanamke mwenye shughuli za nyumbani huchukua miezi miwili kwa kofia moja. Akiwa na mtoto mchanga, afadhali tusihesabu.

Uzi tunaoupenda ni ule wa DMC, wa kampuni iliyoanzishwa Mulhouse, Ufaransa, mwaka 1746. Bibi husema kwamba uzi huo ni mtu mzima kuliko sote na kwa hiyo hauna haraka ya kukatika. Bei yake, lakini, haimheshimu mtu mzima yeyote.

Ufundi huu umesafiri mbali kuliko wengi wetu. Mwenzetu mmoja alimfuata mumewe Muscat, na kutoka huko hututumia picha kwa simu. Wanaume wa Oman huvaa kofia kama hizi kila siku na huziita kuma, neno ambalo wenzangu hawalitamki mbele ya wakwe zao. Kilemba huvaliwa juu yake penye shughuli rasmi. Waomani wengi waliokuwa Unguja waliondoka baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na baada ya mwaka 1970 wengi wakaingia Oman. Walikwenda na lugha, na mapishi, na kofia. Mwenzetu anasema kwamba mara nyingi akiwa sokoni hutazama kichwa cha mtu aliye mbele yake, akatambua nakshi, akasahau kilichompeleka sokoni.

Sasa nirudi kwenye lile jambo.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 alitujia mama mmoja kutoka Ilala. Mwanawe alikuwa anaoa, naye alitaka kofia kumi na mbili za nakshi moja, kwa ajili ya bwana harusi na wenziwe. Tulikubaliana shilingi 60,000 kwa kila kofia, jumla 720,000, na akatoa 300,000 hapo hapo. Mimi nilikuwa mweka hazina. Ndugu msomaji, hatukuwahi kupata kazi kubwa kama ile. Tulipewa miezi minne. Kila mtu alichukua kofia moja, na Bibi, kwa kuwa ndiye mwalimu, akachukua mbili. Hakuna aliyefikiri mara mbili juu ya hilo. Nani angemhesabia mwalimu kazi?

Ilipobaki wiki moja kofia kumi zilikuwa tayari. Za Bibi hazikuonekana. Kila nilipomwuliza alinijibu, "Zinakuja, mwanangu." Jumatatu moja nilikwenda kwake bila kumwarifu. Nilimkuta ameketi mlangoni, kofia ameisogeza karibu kabisa na uso wake, anatafuta kitundu kwa ncha ya kidole kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kabla hajanitambua. Nilipoichukua ile kazi nikaona mishono imepanda juu ya mishono, nakshi imepinda, na mahali pawili sindano ilikuwa imepita nje kabisa ya mstari. Alikuwa ameyafumua na kuyashona upya yale yale hata bafta ikaanza kuchakaa. Mboni ya jicho lake la kulia ilikuwa na ukungu mweupe.

"Usiwaambie wenzako," akaniambia. "Wakijua sioni, nitakuja barazani kufanya nini?"

Nilimwahidi. Na ahadi ile ndiyo niliyojifichia. Nilijiambia kwamba namsitiri Bibi, na ni kweli kwamba nilitaka kumsitiri. Lakini nilitaka pia zile shilingi 420,000 zilizobaki, nilitaka sifa ya kikundi, na nilitaka kuwa yule mweka hazina asiyeshindwa na jambo. Siku ya pili yake nilipanda daladala mpaka Kariakoo, nikanunua kofia mbili za mashine, nyeupe, zenye nakshi iliyokaribiana na yetu. Shilingi 8,000 kila moja. Nilizifua mara tatu ili kupunguza ule mng'ao wa kiwandani, nikazitia wanga, nikazivisha foroma, nikazipanga katikati ya zile kumi. Wenzangu niliwaambia kwamba Bibi amemaliza. Walimpigia makofi, naye hakuwapo.

Tulizipeleka Ilala siku tatu kabla ya harusi, mimi na mwenzangu mmoja. Mama wa bwana harusi alifurahi, akazihesabu, akaenda ndani kuchukua fedha. Pembeni mkekani alikuwa ameketi bibi wa bwana harusi, Bi Mkubwa mmoja mwembamba, mwenye sauti ndogo. Akaomba azione. Akazichukua moja moja, hakuitazama nakshi hata kidogo. Alizigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba, kisha akainua kila moja kuelekea dirishani. Kumi zilipitisha mwanga. Mbili zilibaki na giza lake, kwa sababu mashine ile haikutoboa kitambaa, ilikuwa imechora tu mfano wa kitundu kwa uzi. Akaitwaa pini kwenye kanga yake, akauinua mshono upande wa ndani, akanionyesha. Mashine hushona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, nao hushikana katikati ya kitambaa. Mkono hushona kwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi.

"Hizi kumi zina wenyewe," akasema. "Hizi mbili ni za nani?"

Natamani ningekuambia kwamba nilisema kweli papo hapo. Nilisema kwamba labda zimechanganyika kwa bahati mbaya. Bi Mkubwa hakunijibu. Alizikunja zile mbili, akaniwekea mapajani kwa adabu kama mtu anayekurudishia sahani yako. Tulilipwa za kofia kumi, bila senti zaidi wala maneno makali, na tukapewa na maji ya machungwa. Afadhali wangenifokea. Mwenzangu hakusema neno kutoka Ilala mpaka Magomeni.

Jumapili iliyofuata nilieleza yote barazani, isipokuwa habari ya macho ya Bibi. Nilisema nilizinunua kwa tamaa yangu. Wapo waliokasirika, na mmoja aliuliza ni mara ngapi nimefanya hivyo kabla, swali ambalo lilikuwa haki yake na ambalo sikuwa na njia ya kulijibu akaniamini. Ndipo Bibi, aliyekuwa kwenye pembe yake ya siku zote, akasema, "Mwacheni. Mimi ndiye sikumaliza. Sioni." Baraza zima likanyamaza. Mwisho fedha za kikundi zilikabidhiwa mtu mwingine. Nilistahili, na sikupinga.

Huko hospitalini waliambiwa kwamba Bibi ana mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho inapoanza kufanya ukungu, hakuna dawa ya matone wala miwani itakayoisafisha. Daktari huitoa akaweka nyingine ndogo ya plastiki mahali pake. Bibi alisema kwamba amelea watoto saba na hakujua kama wa nane yumo jichoni. Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umenishika kwa nguvu. Tulichukua sehemu ya fedha za zile kofia kumi, na kila mmoja akaongeza alichoweza, na mwanzoni mwa mwaka 2024 jicho la kulia likapasuliwa. Kitambaa kilipofunguliwa, jambo la kwanza alilolisema ni kwamba kanga yangu imefifia na ni aibu kuivaa mbele za watu.

Wenzetu wengine hawajambo. Mmoja amejifungua mtoto wa kike, na kwa desturi yetu kila mtu amemshonea ua moja kwenye shuka la mtoto, kwa hiyo shuka lina maua kumi yasiyofanana hata kidogo. Mwingine amerudi Lindi kumwuguza mama yake, akaenda na bafta ya kofia nne, nasi hatumsumbui. Tumempata pia kijana wa kiume, fundi cherehani, ambaye zamani alikuwa akituunganishia vipande kwa malipo. Siku moja alikaa kungojea mvua ipite, akachukua sindano, na hajaacha kuja. Mishono yake ni mizuri kuliko yangu, jambo ambalo akina mama hulitaja mara nyingi kuliko inavyolazimu.

Kofia za mashine bado zinauzwa, nami sina ugomvi na anayezivaa. Mwenye shilingi 8,000 naye anataka kwenda harusini akiwa amevaa kofia. Ninachokuomba, msomaji, ni kwamba ukiuziwa kofia ya mashine kwa bei ya kofia ya mkono, uigeuze ndani nje kabla hujatoa fedha. Sasa unajua pa kutazama.

Mwezi uliopita Bibi alizitoa sandukuni zile kofia mbili ambazo hakuzimaliza. Bafta ya ile ya kwanza ilikuwa bado ina nguvu, akaikamilisha kwa wiki sita. Ya pili ilikuwa imechakaa, ikabidi tuanze na kitambaa kipya, na hiyo akanipa mimi. Nimepita umri wa miaka arobaini na mitano, kwa hiyo nimenunua miwani ya kusomea, na bila miwani hiyo siwezi hata kutia uzi katika tundu la sindano. Nimefika nusu ya utepe. Zikiwa tayari zote mbili nitazichukua mwenyewe mpaka Ilala. Sijui kama watazipokea, maana harusi imepita zamani na bwana harusi sasa ana mtoto. Bi Mkubwa yule bado yu hai, nimeuliza. Bibi anataka twende naye, ili akakae mkekani karibu na mwenziwe wakati kofia zinapoinuliwa dirishani.