Chumvi ya gumbo na presha ya shemeji

Gumbo ni mchuzi mzito wa watu wa Louisiana, kusini mwa Marekani, unaoliwa juu ya wali. Upo wa kamba na kaa, upo wa majani, na upo wa kuku na soseji, ambao hupikwa sana majumbani. Wataalamu wengi wa lugha wanalirudisha jina hilo Afrika, kwenye neno la Kibantu la Angola, ki-ngombo, yaani bamia. Kongo mpaka leo bamia huitwa gombo. Neno lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Nilipomweleza hayo dada yangu, aliyeolewa Baton Rouge, alicheka: "Kumbe huku nakula mlenda!" Lakini gumbo ya kuku na soseji mara nyingi haina hata bamia moja.

Nilikwenda kwake kumsaidia baada ya kujifungua mtoto wa pili, nikamkuta na wasiwasi mwingine kabisa. Shemeji, mwanamume wa miaka 38, alikuwa amegundulika kuwa na presha. Ameanzishiwa dawa na kuambiwa apunguze chumvi. Na kila Jumapili mama yake anakuja kupika sufuria zima la gumbo.

"Wewe si ndiye mwandishi wa afya?" dada akaniambia. "Mwambie wewe. Mimi mkwe, nitaanzia wapi?"

Kwa hiyo nikaomba nifundishwe kupika. Mama, kama nilivyomwita, ana miaka sabini na kitu na hapimi kitu chochote kwa kijiko. Akanikabidhi mwiko.

Kila kitu kinaanza na ruu: kikombe cha mafuta na kikombe cha unga wa ngano kwenye sufuria zito, moto wa wastani, unakoroga bila kupumzika. Unga unaanza na rangi ya maziwa, unakuwa kama siagi ya karanga, kisha kama sarafu ya shaba, mpaka ufikie chokoleti. Ilituchukua dakika 40 hivi. Ukiona vidoadoa vyeusi umeungua, mwaga uanze upya, hakuna dawa. Na watoto wasiwe jikoni, maana ruu ikikurukia inaganda kwenye ngozi huku inaunguza.

Dakika 40 za kukoroga ni muda mrefu, na hakuna anayeweza kuondoka. Nikamuuliza kuhusu marehemu mumewe. Akasema alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 59, siku ya Jumapili. Alisema bila kunitazama.

Nami nikasema nikiwa naangalia sufuria. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote alivyokula. Ndani ya sufuria lake chumvi inaingia kwa milango minne: soseji zenyewe, supu ya kopo, viungo vya mkebe ambavyo chumvi ndiyo imetajwa kwanza kwenye lebo, kisha ile anayonyunyiza mwishoni.

Akanyamaza muda. "Usiache kukoroga," akasema. Halafu: "Bila soseji si gumbo."

Sikubishana. Nusu ya soseji ingebaki, ingawa tangu 2015 nyama za kusindika za aina hiyo zimewekwa kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana, na mimi ni mtu wa mwisho wa kusema ni chakula cha kila wiki. Kuku alimchemsha mwenyewe na kitunguu na selari, ile ya kopo ikarudi kabatini. Soseji zikakaangwa pembeni, mafuta yake yakamwagwa. Kwenye ruu vikaingia vitunguu, hoho na selari, mboga tatu ambazo huko wanaziita utatu mtakatifu, kisha kitunguu saumu, thaimu na pilipili kali. Supu, kuku, soseji, saa moja ya moto mdogo. Tulipoepua akanyunyiza unga wa majani ya sassafras, ujuzi walioupata kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa eneo lile.

(Soseji zao ni za nguruwe zilizokaushwa kwa moshi. Nyumbani Dar natumia za ng'ombe, na unga ule nauacha.)

Mezani, kidau cha chumvi hakikuonekana. Kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Shemeji akaonja, akamtazama.

"Mama, unaumwa?"

"Kula."

Akavuta chupa ya pilipili, nayo ina chumvi yake, lakini siku ile nilimwachia. Alirudia sahani ya pili. Nilimkumbusha tu, kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo, kwamba gumbo isiyo na chumvi haichukui nafasi ya kidonge cha asubuhi.

Wiki iliyofuata tulikwenda sokoni sote watatu. Dada akachukua mkebe wa viungo, akautia kwenye kikapu. Mama akautoa, akavaa miwani, akasoma lebo yote kwa sauti mbele ya watu, kisha akaurudisha rafuni.