KAYE YANGU INASEMA NINI
Sababu tulipoteza finali ya basketi



Tangu finali imekwisha, kila mara nikipita katika lupango ya masomo watu wananiuliza ulizo moja tu: "Weye mwenye kaye, tuambie, ekipe yetu ilishindwa juu ya nini?" Nimekawia kujibu, sababu jibu lenyewe linanigusa hata mimi. Leo naandika ili wote wasome mara moja, na mambo ya kusemasema pembeni yaishe.

Kwanza mujue kazi yangu. Mimi si muchezaji. Niko mufupi, na macho yangu si mazuri sana. Mwalimu wa michezo alinipa kaye moja ya jalada nyekundu, na kazi ya kuikala pembeni ya kiwanja na kuandika: nani ametupa, nani ameingiza, nani amefanya fote. Miaka mbili sasa ninaandika. Kaye haipendi mutu wala haichukii mutu.

Mwaka huu hakuna ekipe iliyotushinda mbele ya finali. Huku Buluo na hata kule Kikula, watu walisema kikombe kimekwisha kupata mwenyewe. Finali tulipaswa kucheza na masomo moja ya katikati ya muji, mechi tatu: atakayeshinda mara mbili ndiye atachukua kikombe. Wasapota wao wenyewe walikuwa wanatuambia, "Sisi tunakuja tu kuwasindikiza."

Mechi ya kwanza tulishinda 48 kwa 31. Tuliimba njia yote mupaka nyumbani. Magaribi, mbele umeme haujakatika, nilifungua kaye kwa kuhesabu. Nikaona jambo moja. Wengine walitufanyia fote mara mingi, na tulipata mitupo ya bure 16. Tuliingiza 5 tu.

Kwa wale wasiojua basketi: mutupo wa bure ni hivi. Ukifanyiwa fote unasimama peke yako mbele ya panye, hakuna mutu wa kukuzuiza, na kila mupira unaoingia ni pointi moja. Ni zawadi. Lakini ni zawadi inayotaka mukono uliozoea. Ekipe inayoingiza 5 kwa 16 inatupa mali yake mu njia.

Siku ya kwanza ya juma nilikuja na kaye yangu ili niwaambie. Nikakuta wachezaji wanabishana nani atabeba kikombe mbele, nani atasimama katikati ya foto, na tutapanda motokari ya nani kwa kuzunguka muji. Kapiteni ni rafiki yangu tangu masomo ya chini, tunaikala banki moja. Akaniambia, "Weka kwanza kaye yako, leo tuko na furaha." Nikaifunga. Siku ya pili walikuja kwa mazoezi watu wane. Siku ya ine mvua ikanyesha kidogo, hakuna hata mumoja aliyekuja.

Mechi ya pili tulipoteza 36 kwa 39. Mitupo ya bure 18, iliyoingia 6.

Mechi ya tatu munaikumbuka wote. Wakubwa wetu wawili walikuwa wametoka juu ya fote tano tano. Mwalimu akaingiza mutoto wa kilasi ya nane, yule murefu, mupole. Zilibakia sekunde 6, sisi 33, wao 34. Wakamufanyia fote. Mitupo miwili. Wa kwanza uligonga chuma na kutoka. Wa pili ulizunguka, ukazunguka, ukatoka. Ikaisha.

Sasa ninafika kwa jambo lenye kuniumiza. Magaribi ile ile, pale ku mulango wa lupango, neno moja likaanza kutembea: mukosi. "Kale katoto kako na mukosi." Wengine wakasema kwamba muchezaji wa kule, mwenye kitambaa cheupe ku mukono, alimusalimia mbele ya mechi, na dawa ikapita pale. Wengine wakaongeza habari za nkambo wake muke anayeikala naye, eti ni muzee sana na anaikala sana peke yake. Kesho yake yule mutoto hakuja ku masomo. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu hakuja. Wandugu, neno la namna ile kwetu si muchezo. Sisi wote tunajua watoto waliofukuzwa nyumbani juu ya neno kama lile, na hakuna aliyewaona tena.

Nilimuambia nkambo wangu. Yeye alitumika miaka mingi ku mashini za Shituru, na mupira anaupenda kuliko chakula. Alicheka kwanza, kiisha akaacha kucheka.

"Hata sisi," akasema, "tulisingizia kofia."

Akanisimulia mambo ya TP Englebert, ile tunaita leo Mazembe. Englebert ilichukua kikombe cha Afrika mwaka 1967, ikakichukua tena 1968. Hakuna ekipe ya Afrika iliyokuwa imekichukua mara mbili kwa kufuatana mbele yao. Mwaka 1969 ikafika tena finali, Ismaily ya Misri ikawashinda: 2 kwa 2 kule Kinshasa, 3 kwa 1 kule Kairo. Mwaka 1970 ikafika finali mara ya ine, na mbele yao walikuwa Asante Kotoko ya Kumasi, inchi ya Ghana.

Watu wa Kotoko walikuwa na deni moyoni. Katika finali ya 1967 walifungana na Englebert 1 kwa 1 kule Kumasi na 2 kwa 2 kule Kinshasa. Mechi ya tatu ikapangwa, Kotoko hawakufika, na kikombe kikapewa Englebert. Sasa wamekutana tena. Mechi ya kwanza, tarehe 10 mwezi wa kwanza 1971, Kumasi: 1 kwa 1. Mechi ya pili, tarehe 24 mwezi ule ule, Kinshasa. Mbele ya watu wetu, katika inchi yetu.

"Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tatu," nkambo akasema. "Tulijaa ku radio ya jirani, hata mahali ya kutia muguu hapakuwa. Baba yangu alikuwa amekwisha kununua kinywaji cha feti. Tulihesabu hivi: kwao tumefungana, kwetu tutawapiga. Nani angetushinda nyumbani? Tulikuwa na Kazadi ku mulango. Tulikuwa na Kalala, yule aliyeifunga Ghana goli moja ile ya finali ya mataifa mwaka 1968. Kikombe tulikuwa tunakingojea, hatukuwa tunakitafuta."

Kotoko walishinda 2 kwa 1.

Golikipa wa Kotoko aliitwa Robert Mensah, na alizoea kuvaa kofia. Wazee wanasimulia kwamba karibu na mwisho Englebert walipata penalti, na penalti ile haikuingia. Basi, inchi nzima ikasema: ni ile kofia! Mule mulikuwa dawa! Miaka na miaka watu wanasema kofia.

"Na weye ulisadiki?" nikamuuliza.

"Nilisadiki mupaka nikawa mutu muzima. Kiisha nikajiuliza: Kotoko waliingiza goli mbili. Ile kofia njo ilipiga mashuti? Mwanangu, kofia haikamate mupira. Mikono njo inakamata. Lakini tulipenda kofia, juu ukisema kofia, hakuna mutu wa kwetu anaulizwa kitu." Akanyamaza kidogo. "Na tangu 1968 tulingojea kile kikombe mupaka 2009. Miaka makumi ine na moja. Kofia gani ina nguvu ya miaka yote ile?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua kaye kwa mwangaza wa mushumaa, nikahesabu mutu kwa mutu, mechi zote tatu.

Siku ya tano, wakati wa mapumuziko, ekipe ilikutana chini ya muembe. Walikuwa wanatafuta namna ya kumutoa yule mutoto kabisa. Niliomba ruhusa kusoma. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, sisemi bongo. Nikasoma hivi:

Mechi tatu, mitupo ya bure 49. Iliyoingia 15. Iliyopotea 34. Katika mechi ya pili tulishindwa kwa pointi 3, na tulipoteza mitupo 12. Katika mechi ya tatu tulishindwa kwa pointi 1, na tulipoteza mitupo 11. Kapiteni alitupa 13, akaingiza 3. Nikasoma majina yote. Mwisho nikafika kwa mutoto wa kilasi ya nane: mechi tatu, mitupo 4, aliingiza 2, zote mbili katika mechi ya pili. Nusu. Katika ekipe nzima hakuna mwingine aliyefika nusu.

Kiisha nikasoma na jina langu. Mimi sikutupa. Lakini niliona hesabu tangu usiku wa mechi ya kwanza na nikanyamaza, juu niliogopa kuharibu furaha ya rafiki yangu. Ile ni fote yangu, na hakuna mwamuzi aliyeipigia filimbi.

Kapiteni alikasirika. Alininyanganya kaye, nikafikiri ataipasua. Akaanza kuhesabu mwenyewe, kidole kwa kidole, mustari kwa mustari. Kengele ililia, yeye bado anahesabu. Alipomaliza akasema neno moja: "Twende."

Tulienda sisi wawili kwa nkambo wa yule mutoto. Muzee mama alikuwa ameikala mbele ya nyumba anachagua maharagi. Tulipiga magoti, tukasalimia, tukaomba samahani. Alituangalia sana, kiisha akasema: "Kumusema mulikuwa wengi. Kumurudisha munakuja wawili?"

Hatukuwa na jibu. Siku ya kwanza ya juma tulirudia ekipe nzima, hata wale waliolisema lile neno kwa nguvu. Mutoto akarudi ku masomo ile siku, katikati yetu.

Mwalimu wa michezo aliposikia yote hakutupigia kelele. Alituonyesha tu katika telefone yake mechi moja ya zamani ya Marekani. Mwaka 1994 Seattle ilikuwa ya kwanza katika upande wake, imeshinda mechi 63 na kupoteza 19. Denver ilikuwa ya nane, 42 kwa 40. Atakayeshinda mechi tatu ndiye angeendelea. Seattle ikashinda mbili za kwanza, na wote wakasema imekwisha. Lakini Denver walikuwa na mutoto wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, Mungu amupumzishe, aliyekufa mwaka 2024. Katika mechi tano alizuiza mipira 31 iliyokuwa inaenda ku panye. Denver wakashinda tatu zilizobakia. Mbili za mwisho ziliamuliwa katika dakika za kuongeza, na ya tano, tarehe 7 mwezi wa tano, iliisha 98 kwa 94. Mutombo akalala chini, amekumbatia mupira, anacheka sawa mutoto. Ilikuwa mara ya kwanza wa nane kumutoa wa kwanza.

Mwalimu akasema: "Zile mechi 63 hazikuingia katika kiwanja pamoja nao. Kila mechi inaanza 0 kwa 0. Na mupira mumoja mumoja, ndio unajenga mechi."

Basi, wandugu, jibu langu ni hili. Kwanza, tulishinda mechi moja tukafikiri tumeshinda zote. Pili, tuliacha mazoezi wakati tulipoyahitaji zaidi. Tatu, aliyeona kosa alinyamaza. Kitambaa cheupe hakimo mu kaye yangu, sababu hakikutupa mupira hata mara moja.

Sasa kila magaribi, mbele ya kurudi nyumbani, kila muchezaji anatupa mitupo 20 na mimi naandika. Juma la kwanza kapiteni aliingiza 7. Juma lililopita, 12. Mutoto wa kilasi ya nane, 14. Kama mwaka ujao tutachukua kikombe, sijui. Lakini kaye sasa inasomwa kila siku ya kwanza ya juma, kwa sauti, hata kama tumeshinda. Na hakuna tena anayeniambia niifunge.

Ni mimi, mwenye kaye,
kilasi ya tatu ya humanite, Buluo